Ndimu Ndani ya Moris

Riruta, Nairobi
12 Mei 1957

Kwa Mwalimu Rasiklal Trivedi,

Hunijui, nami sikujui, ila jina lako nimelisoma kwenye kitabu cha gari, juu ya jina langu. Mimi ndiye niliyenunua Moris yako nyeusi mwezi uliopita kwa mkono wa fundi Harbhajan, yule Singasinga wa River Road. Anwani yako ya Kisumu amenipa yeye.

Naitwa Elisha Were. Kazi yangu ni kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha kuchapa, hapo hapo River Road, na tabia yangu ni kuuliza. Kazini wananiita Bwana Kwa Nini. Hii ni motokaa yangu ya kwanza, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuwa nayo, kwa hiyo maswali ni mengi, univumilie. Kwa nini haiwaki mpaka nizungushe hendeli mara ya tatu? Mara mbili za kwanza inakohoa tu. Na kwa nini sakafu ya upande wa abiria ina shimo, tena shimo la mviringo, safi, kama lililochimbwa na mtu mwenye nia? Nikipita kwenye matope ya Dagoretti nayaona yanapita chini ya kiti.

Sasa swali lenyewe lililoniketisha kuandika. Jumapili iliyopita nilifungua boneti nitie maji. Mke wangu, Naliaka, alikuwa amesimama kando akinishikia debe. Nyuma ya rejeta tukaona kitu kinaning'inia: ndimu moja iliyokauka mpaka ikawa nyeusi, na pilipili saba, zote zimetungwa kwa uzi mweusi na kufungwa fundo la makusudi. Naliaka aliweka debe chini. Akasema, "Hii gari mimi siingii mpaka nijue nani aliweka hii kitu, na aliwekea nani."

Nilimwendea Harbhajan. Alicheka ndani ya ndevu zake akasema, "Mimi natengeneza injini tu. Kitu ingine uliza mwalimu."

Huenda ukaona ni jambo dogo, kwa hiyo nikueleze. Mwaka jana Naliaka alishikwa na uchungu mchana wa mvua. Tulingoja basi barabarani hapa Riruta zaidi ya saa mbili, na lilipokuja lilikuwa limejaa. Tulifika hospitali ya wazazi tumechelewa, na mtoto hakuishi. Siku ile nilijiapiza kununua motokaa, hata iwe ya aina gani. Sasa Naliaka ana mimba tena, na gari liko mlangoni, na yeye hataki hata kuliegemea. Ukoo wetu ni wa watu wa kanisa, lakini mtu wa kanisa pia anajua kitu kilichofungwa kwa makusudi akikiona.

Tafadhali nijibu upesi.

Wako,
Elisha Were


Kisumu
22 Mei 1957

Kijana wangu Were,

Barua yako imenifurahisha hata nikaagiza isomwe mara mbili. Mwandiko unaouona ni wa mke wangu, Lalita, kwa kuwa macho yangu yamefunga ukungu na daktari amenikataza kuendesha. Ndiyo sababu niliuza, tukahamia huku Kisumu. Nisingeuza kwa sababu nyingine yoyote.

Hiyo ilikuwa motokaa yangu ya kwanza pia. Niliinunua Januari 1948, nilipokuwa nafundisha hesabu, na siku ilipoingia mtaani kwetu Parklands majirani walitoka kuitazama kama bibi harusi. Nilijifunza kuendesha kwa wiki moja katika uwanja wa shule. Jumapili ya kwanza nikampakia mke wangu tukaelekea Dagoretti kupunga hewa. Tulikutana na ng'ombe wanaopelekwa machinjioni, pengine mia, wakatuzunguka pande zote. Mmoja aliingiza kichwa dirishani akamlamba mke wangu bega. Nilizima injini nikangoja, kwa heshima. Baada ya nusu saa mchungaji akanijia na kuniuliza, "Mwalimu, hii motokaa haina honi?" Ilikuwa nayo. Nilikuwa nimeisahau.

Shimo unaloliuliza limechimbwa na kisigino cha mke wangu. Kila nilipokaribia kona alikuwa akikanyaga breki ambayo upande wake haipo. Amekanyaga miaka tisa. Nimemwambia aandike maneno haya jinsi nilivyoyasema, na naamini ameyaandika.

Kuhusu hendeli, zungusha mara mbili taratibu bila kutegemea kitu, ya tatu ndiyo uitie nguvu. Inapenda kuombwa. Na jioni moja moja kaa ndani yake ikiwa imesimama, usome gazeti. Mimi nilifanya hivyo uani kwetu, na chai ikiletwa nilikunywa humo humo. Hata leo, nikisikia gari likipanda mlima huku nje, mkono wangu wa kushoto unabadili gia kwenye mkono wa kiti.

Sasa hiyo ndimu. Mimi ni mtu wa hesabu. Katika gari langu hakukuwahi kuingia kitu cha namna hiyo, wala sijui maana yake. Miaka tisa niliendesha bila ajali hata moja, na ilikuwa kwa macho mema na akili. Kama kuna mtu ameweka, ameweka baada yangu. Mwambie mkeo asitishwe na upuuzi.

Wako,
Rasiklal Trivedi

Mimi mwandishi namsalimu mke wako. Ana miezi mingapi?
L.


Riruta
9 Juni 1957

Mwalimu wangu,

Hendeli imetii. Mbili za kuomba, ya tatu ya nguvu, na inawaka kila asubuhi hata ukungu wa Riruta ukiwa mzito kiasi cha kutoona lango. Kiwandani nimewasimulia habari ya honi, wamecheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kutaka kujua. Lile shimo sitaliziba.

Lakini jibu lako kuhusu ndimu limeniharibia nyumba. Naliaka alinisikiliza nikimsomea mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi kama si ya mwalimu, ni ya mtu anatujua." Tangu hapo amekuwa akihesabu watu. Gari lilikaa kwa Harbhajan siku tano kabla sijalichukua, na wote waliojua kwamba nalinunua anawahesabu mmoja mmoja. Amefika kwa Mwololo, tunayepanga naye herufi meza moja, kwa sababu Mwololo alitaka kulinunua yeye. Nami, Mungu anisamehe, nimeacha kula naye chakula cha mchana. Hajui kwa nini. Jana aliniuliza, "Were, kwani nimekukosea wapi?" Nikamwambia nina kazi.

Mzee wa kanisa alikuja akaliombea gari. Naliaka akasema amina, na bado hakuingia. Anasema sala ni sawa, ila mtu aliyetufungia kitu bado yuko, na atafunga kingine. Ameniapisha nisiiguse ndimu hadi mwenyewe ajulikane. Kwa hiyo kila siku naenda mjini nayo iko mbele yangu, na kiti cha kando ni kitupu.

Na sasa lililo baya zaidi. Anataka kurudi kwetu Kimilili kwa gari moshi mwisho wa Julai akajifungulie kwa mama yake. Mkunga wa hospitali amemkataza waziwazi. Alisema kwa jinsi mambo yalivyokuwa mwaka jana, huyu lazima azaliwe hospitalini, karibu na daktari. Kwa mama yake hakuna daktari mpaka mbali sana. Nimeongea mpaka nimekauka. Mwalimu, kama kuna chochote unachokumbuka, hata kidogo, nitumie.

Mwambie Mama kwamba ana miezi sita sasa. Tunatazamia Septemba.

Wako,
Elisha Were


Kisumu
17 Juni 1957

Kwa Naliaka,

Barua hii ni yako, si ya mumeo. Ukishaisoma mwonyeshe ukipenda. Mume wangu hajui kwamba naiandika. Amelala kitini, na mimi nimekaa jikoni kama mwizi.

Ndimu ni yangu.

Hakuna aliyewafungia kitu. Mwambie mumeo aende akale na rafiki yake leo hii. Kwetu sisi, mtu akipata kitu kipya kizuri, nyumba au duka au motokaa, hutundika ndimu moja na pilipili saba ili jicho baya liishie hapo, lisiwafikie watu. Kila Jumamosi ya zamani hutupwa, mpya hutundikwa. Ni desturi ya wazi, hata barabarani unaweza kuiona kwenye milango ya maduka ya watu wetu. Mume wangu anaijua vizuri sana. Aliijua siku aliponiamuru niandike kwamba haijui.

Gari lilipokuja mwaka wa 48 nilileta ndimu yangu kwenye sahani. Alikasirika. Alisema hataki wanafunzi wamwone mwalimu wa hesabu akiendesha na mboga. Akanifanya niahidi. Niliahidi, Naliaka, na moyo wangu ulikataa pale pale. Wewe hukumwona akiendesha miezi ile ya kwanza! Alikuwa akigeuka kunieleza jambo huku gari linakwenda. Aliendesha katikati ya barabara akisema ni haki ya mwenye kulipa kodi. Na mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya Chandrika, binti yetu, miezi mitano, nimekaa kwenye kiti hicho unachokiogopa. Shimo lile analocheka nilianza kulichimba nikiwa naye tumboni. Niliogopa kila siku.

Basi nilifanya hivi. Kila Jumamosi alikuwa akimwachia Harbhajan gari aliangalie upepo na mafuta, yeye akaenda kusoma magazeti. Mimi nilipita na kikapu changu nikitoka sokoni. Harbhajan alifungua boneti, nikatundika mahali ambapo mume wangu hawezi kuona, kwa sababu maji na mafuta ni Harbhajan aliyekuwa akitia. Nilimwapisha kwa kitabu cha dini yake. Miaka tisa hakusema. Ile uliyoiona ni ya Jumamosi ya mwisho kabla ya kuuza. Nilishindwa kuitoa. Niliona kama namvua mtu nguo.

Kosa langu kubwa si hilo. Mume wangu haoni, na barua za mumeo namsomea mimi. Hii ya mwisho nilimsomea habari za hendeli na honi, akacheka sana, kisha nikaikunja. Ya Kimilili niliruka. Ya mkunga niliruka. Mimi ndiye macho yake na nimeyafumba, kwa kuona aibu ya ndimu. Siku tatu sijalala vizuri nikikufikiria wewe ndani ya gari moshi.

Usiende, binti yangu. Chandrika aliletwa nyumbani katika gari hilo, akiwa na siku sita, na anakaribia miaka tisa sasa na hamsikilizi mtu. Ndimu itoe, itupe, haikuhusu. Iliwekwa na mwanamke mwenye hofu kama yako, basi.

Leo jioni nitamsomea kila kitu, pamoja na hii.

Mama Chandrika


Kisumu
28 Juni 1957

Were,

Naandika mwenyewe. Herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima. Wewe ni mpanga herufi, utazipanga.

Siku nne sikusema na mke wangu. Nilikaa nikifanya hesabu. Ni Jumamosi mia nne na themanini, kukaribia. Nilizoea kuwaambia watu kwamba sikupata ajali kwa sababu ya akili yangu. Sasa kila nikisema neno hilo namsikia akinyamaza.

Lakini yeye alinificha ndimu tu. Mimi nilikudanganya wewe. Nilijua ile ni desturi yetu tangu mstari wa kwanza wa barua yako. Nilijiona mbele ya kijana anayechapa vitabu mjini, nikaona haya, nikaandika sijui. Sikufikiri kwamba neno dogo namna hiyo lingemfikisha mwanamke mjamzito kwenye gari moshi. Nimefundisha watoto miaka ishirini na saba wasibuni jibu wakishindwa kuonyesha njia, na mimi nikabuni. Naomba unisamehe, na umwombe mkeo anisamehe.

Siku ya tano mke wangu alileta chai, nikamuuliza alikuwa akichagua ndimu za namna gani. Akasema zenye ganda jembamba. Tumeongea mpaka chai ikapoa.

Ameingia? Niandikie hilo tu. Hata kama hajaingia, niandikie.

R. Trivedi


Riruta
22 Septemba 1957

Mama Chandrika mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Were alimwandikia Mwalimu mstari mmoja mwezi wa saba, kwamba sitakwenda Kimilili, na nadhani mlingoja mengine. Mengine nilisema nitaandika mimi mwenyewe.

Barua yako niliisoma nimesimama uani. Nikaisoma tena. Unajua kitu gani kilinifanya nikae chini? Si ndimu. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiogopa ndimu. Nilichoogopa ni kwamba kuna mtu karibu yetu, anatusalimia kila siku, na hapendi mtoto wangu aishi. Mwaka mzima nilikuwa nikitafuta sababu ya yule wa kwanza. Nilipoiona ile kamba nikasema, hii hapa sababu. Kumbe hakukuwa na mtu. Ilikuwa mvua tu, na basi lililojaa. Nililia siku ile, Mama, nililia kuliko siku niliyompoteza.

Were alimwendea Mwololo kazini akamweleza yote mbele ya watu. Mwololo akamwambia, "Kwa hivyo nimekula peke yangu wiki tatu sababu ya ndimu?" Siku hizi anakuja kwetu kila Jumapili, na hatuwezi kumzuia kula.

Ndimu niliitoa mwenyewe. Baadaye nikafungua mlango nikakaa kwenye kiti chako. Sikwenda popote. Nilikaa tu kila jioni, kidogo kidogo, hadi nikamwambia Were awashe. Tulizunguka mpaka Dagoretti sokoni na kurudi. Mwambie Mwalimu kwamba mume wangu haangalii pembeni hata kidogo, ila anaendesha polepole mpaka baiskeli zinatupita na wenyewe wanatupungia mkono. Kisigino changu kinaingia sawasawa kwenye lile shimo.

Uchungu ulinishika Jumamosi ya tarehe kumi na nne, asubuhi. Were aliizungusha hendeli mara moja kwa nguvu zake zote, amesahau kuomba. Ikakohoa. Nikampigia kelele dirishani, "Mbili taratibu!" Ikawaka. Tulifika mapema, hata nikangoja kitandani nikaona nimewasumbua manesi bure. Mtoto alizaliwa jua linazama. Ni msichana, mzito, ana sauti.

Tuliruhusiwa Jumatano. Nataka nikusimulie kurudi kwetu, kwa sababu Were hatakuambia vizuri, yeye aliona ni maajabu.

Mwaka jana nilirudi kwa basi, na kutoka barabarani nikatembea kwa miguu, nimebeba blanketi limekunjwa. Wapangaji wote wa ploti yetu walikuwa nje wakifua. Waliniona, wakainama kwenye beseni zao kwa huruma, na hakuna aliyeinua kichwa mpaka nikaingia ndani. Nyakio, mama mwenye nyumba, ndiye pekee aliyesema pole. Njia ile niliitembea peke yangu, na sijaisahau.

Jumatano hii gari liliingia langoni, likasimama mlangoni kwetu, Were akashuka, akazunguka, akanifungulia. Akasema, "Shuka, tumefika."

Nikamwambia sishuki.

Akadhani naumwa. Nikamwambia siumwi popote, apige honi. Akauliza kwa nini, unamjua alivyo. Nikamwambia, "We piga tu."

Akapiga. Nyakio alitoka wa kwanza, na unga mikononi, akaingiza kichwa dirishani akapiga vigelegele. Wengine wakafuata, na kila aliyekuja nilimfunulia mtoto kidogo, akatazama, akasema neno lake, akampisha mwingine. Nyakio aliniletea uji nikaunywa humo humo garini. Were alingoja, akachoka, akaingia ndani akalala. Mimi nilibaki kwenye kiti na mtoto mpaka mtu wa mwisho wa ploti aliporudi kutoka kazini akatuona.

Mama Nekesa